Mama, Jihadhari na Vumbi ya Kanoti

Mtashangaa kuona karatasi ya afya inazungumza juu ya kanoti. Mtasema: "Kanoti ni kazi ya wanaume, sisi tumekuja kupima watoto." Ndiyo, ni vile. Lakini ninyi mnaokaa kando ya ziwa, huku Kivu ao kule Tanganyika, mnajua kwamba kanoti ikizeeka inavutwa nchi kavu, na mara nyingi inalala katika parsele yenu, chini ya mwembe, pale pale ambapo watoto wanacheza na mama anaanika vikwembe na mihogo. Fundi anasugua kutwa nzima. Vumbi nyeupe inaruka kama unga. Jioni anaingia nyumbani, mtoto anamkimbilia, naye anambeba. Usiku ule mtoto halali, anajikuna, analia. Asubuhi mama anamleta kwetu na kusema: "Muganga, mutoto wangu amepata upele."

Mara nyingine kweli ni upele. Lakini mara nyingine ni kioo.

Ndiyo, kioo. Kanoti za mbao mnazijua tangu zamani. Kanoti hizi za fibri zilianza kutengenezwa Marekani katika miaka ya 1940, na hazikutengenezwa kwa mbao wala kwa chuma. Watu wa kiwanda wanayeyusha kioo, kioo kama kile cha chupa, wanakivuta kuwa nyuzi nyembamba sana. Unywele mmoja wa kichwa chako ni mnene kuliko uzi mmoja wa kioo hiki, karibu mara tano. Nyuzi zinafumwa kama kitambaa. Kitambaa kinalazwa kimoja juu ya kingine, kinaloweshwa na resini, yaani maji mazito kama asali, na ndani ya resini wanatia matone ya dawa inayoitwa katalizeri. Resini inakauka, inakuwa ngumu kama jiwe. Kwa nje kunabaki ngozi inayong'aa ambayo mafundi wanaiita jelikoti.

Kanoti ikipigwa na mawe ao ikipasuka ngozi kwa jua, fundi anaweza kuiponya kwa kitambaa kipya na resini mpya. Lakini resini mpya haishiki juu ya kitu laini wala juu ya uchafu. Lazima kwanza asugue, na kisha asugue tena ili rangi ikae vizuri. Kusugua ndiyo sehemu kubwa ya kazi yote, na hakuna fundi anayeipenda. Kwa sababu hii kila mmoja anatafuta njia ya kumaliza upesi. Na hapo, mama, ndipo habari inakuja kwako. Kwa maana kuna njia za upesi ambazo zinamwondolea fundi masaa mawili ya kazi na kukuletea wewe juma nzima ya mtoto mgonjwa. Na kuna njia nyingine za upesi ambazo hazitoi vumbi nyingi. Fundi wengi hawazijui, ao wanazijua lakini hakuna mtu wa nyumbani aliyewaomba wazifuate.

VUMBI HII INAFANYA NINI?

Vipande vya nyuzi za kioo vinachoma ngozi kama miiba midogo. Vinapenda kukaa shingoni, kwapani, kiunoni mahali nguo inakaza, na kwa mtoto mdogo, katika mikunjo ya mapaja. Vikiingia jichoni, jicho linakuwa jekundu na kutoa machozi. Vikiingia puani na kooni, mtu anakohoa na sauti inakauka. Vumbi ya resini yenyewe ni laini zaidi. Inabaki katika hewa muda mrefu, na inaweza kufika chini kifuani. Mtoto mwenye pumu anaumia mbele ya wengine wote.

Wamama wengine wanauliza kama vumbi hii inaleta kansa. Kuna kituo cha utafiti wa kansa huko Lyon, Ufaransa, ambacho ni cha Shirika la Afya Ulimwenguni. Mwaka 2001 wataalamu wake walipima habari ya nyuzi za kioo za namna hii, na hawakuziweka katika hesabu ya vitu vinavyoleta kansa. Basi usiogope bure. Ile harufu kali ya resini ni jambo lingine: inatoka katika kitu kinachoitwa stireni, na mwaka 2018 kituo kile kile kiliiweka katika vitu ambavyo pengine vinaleta kansa kwa mtu anayeivuta mara nyingi. Mwanamke mwenye mimba asikae mahali harufu ile iko, hata kama ni kuleta chakula tu. Aite kwa mbali, fundi aje kula.

UPELE AO FIBRI?

Mama mwerevu anaweza kutofautisha yeye mwenyewe kabla ya kutumia feza. Upele unakuja polepole. Unaanza na mtu mmoja, baada ya majuma unapita kwa wengine wanaolala pamoja, na unawasha zaidi usiku. Tazama katikati ya vidole, kwenye viwiko, kwenye matako. Kwa mtoto mchanga tazama hata viganja na nyayo. Muwasho wa fibri unaanza siku ile ile ya vumbi. Ngozi inakuwa na madoa mekundu, zaidi mahali palipokuwa wazi ao mahali nguo inabana. Ukimwosha mtoto vizuri na kumtenga na vumbi, baada ya siku chache inapona pasipo dawa.

Juu ya nini tunasema sana habari hii? Kwa sababu dawa ya upele inayouzwa sokoni inaunguza ngozi ambayo tayari iko na vidonda vidogo vya kioo. Mtoto analia zaidi, mama anafikiri dawa ni kidogo, anaongeza. Hapana. Ukiona kwamba kuna kanoti inayosuguliwa karibu, sema neno hilo kwanza kwa infirmie. Neno moja hilo linasaidia kuliko dawa tatu.

Namna ya kuosha ni hii. Usimsugue mtoto na kitambaa kikavu, wala usimpake mafuta kwanza, kwa maana mafuta yanashika vumbi juu ya ngozi. Mvue nguo nje ya nyumba. Mwagie maji mengi ya baridi, yatiririke kutoka juu kwenda chini, ndipo umpake sabuni kwa mkono polepole, ndipo umwagie tena. Kama kuna vipande unavyoviona viking'aa kwenye ngozi, chukua skoch, ibandike polepole na kuivuta. Vitatoka pamoja nayo. Kata kucha zake. Kwa jicho: maji safi tu, yatiririke kwa dakika 15, na mtoto asifikiche. Kama jicho bado ni jekundu kesho yake, mlete.

VUMBI AMBAYO HAIWASHI

Sasa sikia jambo ambalo ni kubwa kuliko muwasho. Vumbi ya fibri ina sauti: inawasha, inakuambia kwamba iko. Lakini juu ya kanoti ya zamani kuna pia rangi ya zamani, na ndani ya rangi nyingi za zamani kuna risasi, madini yale yale ambayo wavuvi wanayeyusha kutengeneza uzito wa nyavu. Rangi nyekundu ya minio iliyopakwa kwenye mashua za chuma ilitengenezwa kwa risasi. Risasi haiwashi. Haina harufu. Mtoto anatambaa, anashika vumbi, anatia mkono mdomoni, nawe huoni kitu.

Tumbo la mtoto mdogo linavuta risasi mara nne ao tano kuliko tumbo la mtu mzima. Inapunguza damu yake, na inaharibu ubongo unaokua: mtoto anachelewa kusema, anashindwa kushika masomo, anakuwa na hasira. Yanayoharibika katika ubongo hayarudi. Shirika la Afya Ulimwenguni linasema hakuna kiasi cha risasi kinachojulikana kuwa hakina hatari. Na kwa mama mwenye mimba, risasi inakaa katika mifupa, kisha inatoka humo wakati wa mimba na kupita katika damu mpaka kwa mtoto tumboni.

Hapa hatuna namna ya kujua rangi ipi ina risasi kwa kuitazama tu. Basi rangi ya zamani yote ihesabu kuwa nayo. Mtoto ambaye damu yake ni kidogo na ambaye anakosa chakula cha kujenga mifupa, mwili wake unavuta risasi zaidi. Ndiyo maana nyingine ya kumeza vidonge vya damu tunavyokupa siku ya kupima mimba, badala ya kuvificha chini ya godoro. Wape watoto sambaza ao ndagala nzima pamoja na mifupa yake, na maharagi, na sombe.

NJIA ZA UPESI: MBAYA NA NZURI

Usimwambie baba ya watoto: "Acha kazi hii." Hatasikia, na ana haki, kwa maana kanoti inayolala haileti posho. Mwambie kwamba kuna namna ya kumaliza mbele. Masikio yatafunguka.

Njia mbaya ya kwanza ni mashini ya umeme inayozungusha karatasi ya msasa pakavu, katikati ya parsele. Ni kweli inakula upesi. Lakini inatupa vumbi mpaka kwa jirani, na mkono ukiteleza kidogo inachimba shimo ambalo fundi atalijaza na mastiki na kulisugua tena. Mara nyingi wanaona wamepata saa moja, kumbe wamepoteza siku. Njia mbaya ya pili ni kuchoma rangi ya zamani kwa moto. Rangi inatoka kweli, lakini risasi inaingia katika moshi, na resini yenyewe inawaka kwa moshi mweusi wa sumu. Njia hii tunaikataza kabisa karibu na nyumba yenye watoto.

Sasa njia nzuri. Fundi aoshe kanoti kwanza, kwa maji, sabuni na burushi, kabla ya kugusa karatasi ya msasa. Wengi wanaruka kazi hii wakifikiri kwamba kusugua kutaondoa uchafu pia. Hapana: mafuta na nta vinaziba karatasi, karatasi inateleza, na uchafu unasukumwa ndani ya mikwaruzo. Asubuhi moja ya kuosha inaokoa karatasi nyingi.

Kisha akwangue kabla ya kusugua. Kipande cha msumeno wa zamani, kilichonolewa upande mmoja na kufungiwa mti wa kushikia, kinatoa rangi iliyolegea kwa vipande vikubwa. Vipande havirukiruki kama vumbi. Vinaanguka chini juu ya turubai ao shitingi, vinakunjwa na kufukiwa mbali na kisima na bustani. Kila kipande kilichokwanguliwa ni vumbi ambayo haikuzaliwa. Kwa rangi ya zamani hii ndiyo kazi yenye faida kuliko zote, na ukikumbuka jambo moja tu katika karatasi hii, ukumbuke hili.

Kwa kusugua sasa, achukue maji. Kuna karatasi ya msasa nyeusi inayovumilia maji. Ile ya mbao inaoza mikononi, basi aulize vizuri dukani. Ndoo ya maji, matone machache ya sabuni, na vumbi inakuwa tope. Karatasi haizibi upesi, inadumu zaidi, na fundi hakohoi. Lakini angalieni mambo mawili. Maji na mashini ya umeme havikai pamoja, hata kama kuranti inatoka kwa grupu ndogo: mtu anaweza kufa. Maji ni kwa kusugua na mkono tu. Tena tope ile ikikauka inarudi kuwa vumbi. Lazima ikusanywe jioni ile ile juu ya turubai, isiachwe itiririke mpaka mahali wamama wanateka maji. Na mahali ambapo nyuzi zimefunuka, pasiloweshwe, kwa sababu nyuzi zinakunywa maji na resini mpya itakataa kushika. Hapo asugue pakavu, mbali, hatua 50 ama zaidi, upande ambao upepo unatoka nyumbani kwenda kwake.

Mkono peke yake unachoka na unafanya mawimbi. Mahali palipo sawa, abandike karatasi juu ya ubao mwembamba wenye urefu wa mkono, aweke vishikio viwili. Ubao unakula sehemu kubwa mara moja. Mahali pa kupinda, akate kipande cha kandambili iliyochakaa na kukizungushia karatasi: soli ile laini inafuata umbo la kanoti kuliko ubao wowote. Kwa ukingo wa mviringo, karatasi ikatwe ndefu kama mshipi, ivutwe huku na huku kama mtu anayejikausha mgongo kwa taulo. Ili kujua mahali pa kuacha, apake makaa juu ya sehemu yote kabla ya kusugua. Nyeusi inayobaki inaonyesha shimo; palipokuwa safi pamekwisha, asiongeze hata mara moja. Nusu ya vumbi inatoka mahali ambapo hapakuhitaji kusuguliwa.

Namba za karatasi zifuatane: 40 kwa kazi kali, kisha 80, kisha 120, kisha 180, na rangi inaweza kupakwa. Anayeruka kutoka 40 mpaka 180 atakaa siku nzima akifuta mikwaruzo ya 40. Na anayefika 400 chini ya rangi amejichosha bure, kwa maana rangi inapenda pakwaruze kidogo.

Njia iliyo bora ni ya kuzuia kusugua kusizaliwe. Resini mpya ikianza kushika, ikiwa bado kama ngozi ya kiatu, fundi akate ncha zilizozidi kwa kisu kikali. Baada ya masaa machache itakuwa jiwe. Tena akiisha kuweka kitambaa na resini, aweke juu yake plastiki safi na kuilainisha kwa mkono wenye glovu, mpaka mapovu yatoke. Akiivua kesho yake, pako laini. Kisu cha dakika mbili kinalipa karatasi ya masaa mawili.

Fundi avae mikono mirefu, miwani ya kazi na barakoa ngumu ya vumbi, ile yenye maandishi FFP2 ambayo wengi waliijua wakati wa Korona mwaka 2020. Kitambaa kilichofungwa puani kinasimamisha vipande vikubwa, lakini si vumbi laini.

NGUO ZA KAZI

Nguo ya kazi isiingie nyumbani. Mwekee mume wako msumari nje, nyuma ya jiko, na ndoo ya maji pembeni. Aoge kwanza, ndipo ambebe mtoto. Hata kama mtoto analia akimwona, avumilie. Wewe usikung'ute nguo ile mbele ya uso wako: iloweshe kwanza. Ifue peke yake, usiichanganye na nepi wala na kikwembe unachombebea mtoto, kwa sababu nyuzi zinahama kutoka nguo moja mpaka nyingine ndani ya beseni. Kisha suuza beseni mara mbili. Kuna wamama walioteseka majuma mawili na mtoto anayejikuna, wakati kanoti ilikwisha kurudi ziwani. Vumbi ilikuwa imebaki katika kikwembe.

Mihogo na unga visianikwe siku za kusugua. Ardhi chini ya kanoti imwagiwe maji kabla ya kufagia.

CHUPA YA KATALIZERI

Tumesema katalizeri ni matone tu. Ni nyeupe kama maji, na mafundi wanainunua kidogo kidogo katika chupa ya Fanta ao ya dawa. Mama, uliza iko wapi, na ujue wewe mwenyewe. Iwekwe juu, imefungwa, mbali na jiko na jua, na isitiwe kamwe katika chupa ya kinywaji. Tone moja likiingia jichoni linaweza kupofusha. Usitafute mafuta wala maziwa ya mama ya kutia: mwaga maji pale pale, fungua kope kwa vidole, endelea dakika 15 ao zaidi, na ndipo ukimbie hospitalini. Kama mtoto ameimeza, usimtapishe, kwa maana itamuunguza mara ya pili ikipanda. Usimpe mafuta ya mawese. Mwoshe mdomo kwa maji na umlete upesi, pamoja na chupa yenyewe hata kama ni tupu. Ikiwa ni usiku, piga hodi. Sentineli atamwita infirmie.